Kuku wa Kuagia

Nilesh hapendi kuandika ujumbe. Yeye hurekodi sauti, ndefu, na mwanzoni husikii kitu ila pumzi yake na honi za magari ya Dar es Salaam. Asubuhi ile nilikuwa studio, hapa Mwankoko, Singida, nimewasimamia vijana wangu wakijaribu gemu yetu mpya kwenye simu kuukuu iliyopasuka kioo, kwa sababu gemu isiyochezeka kwenye simu iliyopasuka kioo haitachezwa na mtu yeyote ninayemfahamu. Simu yangu ikalia. Nikasikiliza honi, nikasikiliza pumzi, halafu Nilesh akasema, "Salome, Mama ametutoka." Kisha akaeleza kwamba mambo ya maziko wameshayamaliza kulekule Dar kwa desturi yao Wahindi ya kuchoma mwili kwa moto, na kwamba Jumamosi wangekuja Singida kuketi kwenye nyumba ya zamani, ili watu wa huku waliomjua wapate mahali pa kutolea pole. Niliwaambia vijana waendelee na kazi. Nikaenda uani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia kwa sauti, na mimi si mtu wa machozi, mimi ni mtu wa hasira. Kijana mmoja alinifuata akaniuliza kama gemu imeharibika.

Watu wa redio wakija kunihoji huuliza nilisomea wapi mambo haya ya kutengeneza gemu. Wanataka jina la chuo, ikiwezekana cha nje. Nawaambia nilisomea nyuma ya pazia, katika chumba cha stoo cha duka la madaftari mjini Singida, mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne, na juu ya kichwa cha kompyuta yangu alikuwa amelala kuku. Wanacheka, halafu wakirusha kipindi sehemu hiyo wanaikata. Basi hapa nitaisema yote, maana hakuna wa kunikata.

Duka lilikuwa la Mama Nilesh. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na yeye alikuwa ameliendesha peke yake kwa namna ambayo mjini pale wanaume waliizungumza kwa kunong'ona. Alivaa sari nyeupe za ujane na kandambili za bluu. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo ya duka, akacheza na watoto wa Kinyaturu uchochoroni, na mteja akimletea ubishi wa bei kwa Kiswahili, yeye alimmaliza kwa Kinyaturu. Mbele aliuza madaftari, kalamu na karatasi za hesabu zenye miraba midogo. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kilichonukia uvumba, bizari na karatasi mpya, na humo, juu ya meza ya mbao, kompyuta ambayo mwanawe Nilesh aliiacha alipokwenda kusoma Dar. Ilikuwa ya kioo chenye kisogo kikubwa, imevikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la bibi harusi. Mama Nilesh aliniajiri kuchapa kadi za michango ya harusi. Nilikuwa sijawahi kugusa kompyuta. Nilimdanganya kwamba najua, naye alijua kwamba nadanganya, akaniambia nianze kwa kuiwasha.

Kadi zilinichukua wiki chache kuzizoea. Kilichobaki kilinichukua maisha yangu yote, na kilianza na kitabu cha Nilesh nilichokikuta chini ya meza, kikielekeza jinsi ya kuiandikia kompyuta amri zako mwenyewe nayo ikatii. Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kutiiwa na kitu chochote, hata mbuzi. Niliandika, nikakosea, nikaandika tena, hadi siku moja mchana nukta nyeupe ikatembea kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Nilipiga kelele. Mama Nilesh akaja akikimbia na kijiko mkononi, akidhani nimepigwa shoti. Nikamwonyesha. Akaitazama ile nukta ikienda, ikifika mwisho, ikirudi, akaniuliza, "Inaenda wapi?" Nikamwambia haiendi popote, inatembea tu. Akasema basi nitakapojua inakokwenda nimwite tena, akarudi kwenye dengu zake. Nilimkasirikia siku nzima. Leo hii kijana akiniletea gemu nzuri ya rangi na milio, swali langu la kwanza ni hilohilo, na mimi namuona akinikasirikia.

Saa za mchana duka lilifungwa tukala. Yeye alipika chapati nyembamba ambazo ukiinua moja unamwona mtu wa upande wa pili, na dengu, na achari ya ndimu iliyokuwa inachoma hadi masikioni. Mimi nilikuwa nalala hapohapo kwake, na kila nilipokwenda Unyambwa, nje ya mji, kumsalimia Shangazi, nilirudi na ugali wa uwele na mlenda kwenye hotipoti. Wiki ya kwanza aliutazama mlenda wangu kwa mashaka akauliza kama kuna dagaa ndani. Nikamwambia ni majani na karanga basi. Tangu siku hiyo hotipoti yangu ikawa yake, na mimi nikawa mtu wa chapati. Tulikula sakafuni, kwenye sahani za chuma, redio ikisema habari za mbali, na nadhani ni katika milo ile nilianza kuona kwamba mtu anaweza kuwa mkali na bado ukatamani kukaa karibu naye. Shangazi alikuwa hivyohivyo. Kwa nini sikulijua hilo mapema kuhusu Shangazi, sijui.

Shangazi ndiye aliyenilea, naye alikuwa na mpango. Matokeo yalikuwa yametoka, nimefaulu wastani, na alikuwa amenitafutia nafasi chuo cha ualimu. Mwalimu ana mshahara wa serikali, ana heshima, akipita watoto wanasimama. Mimi sikutaka. Nilitaka kubaki na ile mashine, hata kwa kuchapa kadi hadi nizeeke, ila sikuwa na maneno ya kumweleza mwanamke aliyekamua alizeti kwa mikono yake ili nisome. Kila nikijaribu aliniuliza kazi gani hiyo ya kukaa nyuma ya pazia unatazama televisheni isiyo na picha. Akamalizia na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mjadala ukafungwa.

Sasa, Shangazi alikuwa na sheria aliyoirithi kwa mama yake. Mtoto wako akiwa amekaa kwa watu, huendi kumchukua mikono mitupu. Unapeleka kuku wa kuagia. Wenyeji wanamchinja, mnamla pamoja, na chakula kikiisha mtoto anainuka, anaaga, hakuna mwenye kinyongo. Basi siku moja nikiwa nyuma ya pazia nikasikia sauti yake dukani. Nikachungulia. Amevaa kitenge chake cha kanisani, na kwapani ana kuku jike wa madoadoa, mzima wa afya lakini si kijana, mguu mmoja una kidole kilichokatwa na mlango wa banda. Alimshukuru Mama Nilesh kwa maneno mazuri sana kwa kunitunza, akasema wakati umefika, akamkabidhi kuku. Shangazi alijua kabisa kwamba anaingia nyumba ya Wahindi. Kilichokuwa hakijamwingia akilini ni kwamba duniani kuna mtu asiyekula kuku. Na angejulia wapi? Singida hii, ambapo hata masikini wa mwisho ukimtembelea atakukimbizia kuku uani huku wewe unasema usijisumbue?

Mama Nilesh alimpokea kuku kwa mikono miwili, kama inavyopasa, ingawa alimshika mbali na mwili kama sufuria ya moto. Akasema huyu ni kuku mzuri sana, asante sana dada yangu. Akamkaribisha Shangazi ndani, akampa chai ya maziwa yenye iliki, akampa bajia, akampa chapati, akampa chai tena. Shangazi alikuwa anasubiri harufu ya kukaanga. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, najua ya upande huu na ya upande ule, nimefunga mdomo wangu. Adabu haimruhusu mgeni kuuliza nyama iko wapi. Jua lilipoanza kushuka Shangazi akainuka, akaniambia mlangoni kwamba hawa watu wazuri lakini hawajui kupika haraka, akarudi Unyambwa na kusema atakuja kunichukua akimaliza kukamua alizeti, maana kufikia hapo watakuwa wamemla.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu alifika na kamba yake. Mama Nilesh aliikata kwa mkasi wa karatasi. Kuku akazunguka ua, akaingia stoo, akaruka juu ya kiti, juu ya meza, na hatimaye juu ya kisogo cha kompyuta, ambako kulikuwa na joto zuri na kitambaa cha kufuma. Akajikunja akafumba macho. Tulijaribu kumwondoa, akarudi. Tukamwondoa tena, akarudi tena, na siku ya tatu Mama Nilesh akabadilisha kitambaa akaweka gunia safi. Bwana harusi mmoja alikuta doa kwenye kadi zake akaja juu, Mama Nilesh akamwambia kwa Kinyaturu neno lililomfanya acheke hadi akasahau kudai nyingine. Sikuelewa neno lote na nilipouliza aliniambia mimi bado mtoto.

Ni yule kuku aliyenipa jibu. Siku moja alitoroka kupitia mlango wa mbele, nami nikamkimbilia mtaa mzima hadi karibu na stendi, pale wanapofunga kuku kwenye matenga kuwapakia mabasi ya Dar. Mwenye tenga alishaanza kumnyatia. Nilimnyakua mbele ya mikono yake. Nikarudi naye kifuani, moyo wake unadunda kwenye kiganja changu na wangu unadunda vilevile, na kabla sijafika dukani nilishajua ile nukta inaenda wapi. Inaenda nyumbani. Nilichukua karatasi za hesabu, nikamchora kuku kwa kujaza miraba, mraba kwa mraba, na mwezi mzima uliofuata nilikuwa nachapa kadi asubuhi na kumfundisha kuku wa miraba kutembea mchana. Anatoka stendi, anavuka soko, matenga yanamfuata, lazima afike dukani. Umeme ulikatika bila taarifa, na kama hujahifadhi, kazi ya siku yote imekwenda. Nilikuwa natukana kimoyomoyo, yule wa kweli juu yangu anakoroma.

Alizeti ikaisha. Shangazi akaja, na safari hii alikuwa na sanduku langu la bati kwenye keria ya baiskeli, limepakwa rangi upya. Alipita pazia bila kusubiri kukaribishwa. Akamwona kuku wake amelala juu ya televisheni isiyo na picha. Akauliza kwa upole ulionitisha kuliko ukali, "Hamjamla?"

"Dada yangu," Mama Nilesh akasema, "sisi hatuli kuku. Hatuli kitu chochote kilichokuwa na mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Shangazi alitafuta kiti akakaa. Nilimwona akirudia kichwani zile chai zote na zile chapati, na kule kusubiri kwake. Kisha Mama Nilesh akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo. Alisema yeye amezaliwa hapahapa na sheria ya kuku wa kuagia anaijua, na kama anaikumbuka vizuri, kuku asipoliwa, mtoto hajaaga. Alilisema akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele kama mtu anayeomba, bila kejeli hata chembe. Nami nikaelewa kwamba siku ile alipompokea kuku kwa mikono miwili alikuwa anajua anachopokea. Alikuwa anataka nibaki. Hakuwahi kuniambia hivyo kwa mdomo, si siku ile wala baadaye.

Shangazi akanigeukia akasema haya, nionyeshe hicho unachokifanya. Nilikosea kuandika amri mara mbili. Gemu ikafunguka. Shangazi akainama, akamtazama kuku wa miraba, akamtazama wa juu, akarudi kwa wa chini. Alimtambua. Nikamtembeza hadi katikati ya soko, nikababaika kwa hofu, tenga likamfunika. "Mtoe," Shangazi akasema. Nikamweleza kwamba ameshakamatwa, inabidi uanze upya. Akanisukuma kwa bega, akakaa mahali pangu, akaweka kidole chake kizito chenye ufa kwenye kibodi. Alikamatwa na matenga yote. Alisonya, akamlaumu muuza vitunguu niliyemweka njiani, akasema njia ile si ya soko la Singida, soko la Singida ukipita upande wa mashine za kusaga unatokea haraka. Alikuwa amebakiza hatua chache kufika dukani umeme ulipokatika. Kioo kikawa cheusi, na sisi watatu tukakaa kwenye mwanga wa dirisha dogo, kuku anashangaa baridi imetoka wapi.

Hatimaye Shangazi akainuka akajifunga kitenge upya. "Atakaa," akamwambia Mama Nilesh, si mimi. "Mpaka kuku huyo afe." Akarudi Unyambwa na sanduku kwenye baiskeli. Na mimi furaha yangu ilifika mlangoni ikasimama, maana nilimfahamu Shangazi. Kuku aliyemleta alikuwa mtu mzima tayari. Hakuwa mjinga wa kutoa mtetea anayetaga.

Hivyo ndivyo nilivyosoma, kwa mwendo wa uhai wa kuku. Nilisoma kitabu cha Nilesh hadi kikaachana kurasa, nikiamini kila siku inaweza kuwa ya mwisho. Mama Nilesh alimlisha kuku choroko na mtama, akamwekea maji kwenye bilauri ya chuma. Watoto waliokuja kununua kalamu waliingia nyuma ya pazia kucheza, nami nikajifunza kwa kutazama nyuso zao wapi panachosha na wapi pana uonevu. Soko nililichora upya, njia ikapita mashine za kusaga, na Shangazi alikuwa sahihi, gemu ikawa tamu zaidi. Yeye alipita kila akija mjini. Salamu zake zilikuwa zilezile, mimi namwamkia shikamoo, anaitikia, halafu kabla hajakaa: "Kuku hajambo?" Leo studio yetu inaitwa Hajambo, na watu hudhani ni kwa ajili ya ukarimu wa Mtanzania.

Kuku alikufa wakati wa mvua. Niliamka asubuhi nikamkuta Mama Nilesh amekaa sakafuni, kuku amelala mapajani mwake juu ya sari nyeupe, miguu imenyooka. Sikulia kwa ajili ya kuku, nasema kweli, nililia kwa ajili yangu. Mama Nilesh aliniacha nilie. Kisha tukamzika chini ya mpapai, naye akanawa mikono, akachukua mwavuli na kikapu cha mchicha, akatoka bila kuniaga. Alikwenda stendi, kwenye matenga. Wachuuzi walisimulia tukio lile miaka mingi, yule mama mjane wa Kihindi asiyegusa hata yai, amechutama kwenye tope anageuza kuku mmoja baada ya mwingine anaangalia madoa. Alirudi amelowa, akafunua mchicha. Madoa yalikuwa yaleyale, hata lile jeupe la shingoni. Akamweka juu ya kompyuta kwa mikono yake. "Huyu ndiye," akasema, na hatukuzungumza tena habari hiyo.

Shangazi alikuja wiki ileile. Akamtazama kuku kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. "Kuku hajambo?" akauliza. "Hajambo," Mama Nilesh akajibu. Shangazi akakaa, akanywa chai, akaomba na kikombe cha pili, akaniuliza kama nakula vizuri, akaondoka. Mwisho wa mwaka Nilesh alikuja likizo, akacheza gemu yangu hadi akasahau kula, akaibeba kwenye disketi kwenda Dar, na kwa disketi ile nikapata kazi kwenye karakana ya kompyuta. Mengine yalifuata, ya kufundishwa na ya kufukuzwa, hadi nikachoka kutengeneza vya watu nikarudi nyumbani kutengeneza vyangu. Katika kila gemu tunayoitoa kuna kuku wa madoadoa amelala mahali fulani kwenye joto.

Jumamosi nilimpitia Shangazi Unyambwa. Sasa anatembelea fimbo. Nilimkuta amekaa mlangoni amevaa kitenge cha kanisani, na kwapani ana kuku hai. Nikamwambia kwa upole, nikijua uzee ni kitu cha kuheshimiwa, kwamba Shangazi, tunakwenda msibani kwa akina Nilesh. Akanijibu kwamba hajawa kichaa. Njiani alimpakata kuku wake. Kule tulivua viatu mlangoni. Picha ya Mama Nilesh ilikuwa ukutani imezungushiwa maua, anatazama kama anayesubiri ushindwe kujibu. Nilesh, mwenye mvi sasa, alitupokea, akamwamkia Shangazi, akamwona kuku, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akasema taratibu, "Shangazi, asante sana. Lakini nyumba hii hatuli kuku."

"Najua, mwanangu," Shangazi akasema. "Mama yako hakumla wa kwanza, hakumla na wa pili."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, "Wa pili?"

Akanigeukia na macho yake yaliyofifia. "Salome. Kuku wangu alikuwa na kidole kilichokatika. Mimi siku zile nilikuwa naona."

Shangazi aliinama polepole, akifungua kamba ya mguu kwa kucha, na kuku akajikung'uta, akapita katikati ya viatu vya wafiwa kuelekea stoo. Kisha akamshika Nilesh mkono kwa mikono yake miwili.

"Huyu ni wa kumuaga mama yako," akamwambia. "Msimle."